Ubani kwenye Kompyuta ya Masufuria

"Hapa sasa hata jini hapiti," Junaid, kijana wa kazi za kompyuta hapo dukani, alijigamba Alhamisi jioni, mdomo umejaa viazi karai. Bi Swabra alikuwa ameshakwenda zake, na Junaid alikuwa amemaliza kuibana kompyuta ya stoo kwa kila kifungo cha usalama alichokiona.

Na kweli, jini hakupita. Ila asubuhi Agneta naye hakupita.

Agneta ni karani wa Bi Swabra, yule akodishaye masufuria na viti vya harusi hapo Bombolulu. Wateja wote, simu zao na mitaa yao, wamo katika kompyuta ya stoo. Agneta huwasoma kwa kompyuta ya mezani kwake, huko mbele. Leo alipata jibu moja tu: imeshindwa kuunganishwa na hifadhidata.

Nje, lori lilikuwa linanguruma, limesheheni masufuria, na dereva hajui harusi iko Mikindani au Chaani.

"Junaid mwanangu," Bi Swabra aliita.

"Labeka, mama."

"Watu wapikiwe biriani kwenye ndoo?"

"Ni waya tu, mama. Panya."

Akauchomoa waya, akaupuliza, akaurudisha. Wapi. Akazima, akawasha. Wapi. Akalilaumu joto.

"Sasa hivi ilikuwa panya," Agneta alisema. "Mara hii ina homa?"

Bi Swabra hakungoja. Alikwenda akarudi na chetezo kinafuka ubani. "Hili ni jicho la hasidi. Tangu tupate harusi hii kuna watu hawalali." Akaanza kuizungusha kompyuta ya stoo kwa moshi, akiinuia kimoyomoyo.

Junaid aliketi katikati ya moshi huo, machozi yanamtoka. Akaifungua hifadhidata papo hapo stoo: ikafunguka, nzima kabisa. Akaiita kompyuta ya Agneta: ikaitika, kwa hiyo waya hauna kosa. Kilichobaki ni ule ukuta wa usalama, mlinzi wa ndani ya mashine, ambaye aliamrishwa amfukuze yeyote apigaye hodi kutoka nje. Aliamrishwa na nani? Masikio ya Junaid yakapata moto.

Moshi ulipozidi, akainama, akamfungulia Agneta mlango wake mmoja katika ukuta huo, na mingine akaiacha imefungwa vivyo hivyo.

"Imekubali," Agneta aliita kutoka mbele. "Ni Chaani, nyuma ya msikiti."

Lori likaondoka. Bi Swabra akaketi anajipepea, furaha tele. "Mwaona? Ubani."

"Wallahi, mama," Junaid alisema, anafuta macho. "Hasidi katoka mbio."

Agneta alikuja akaegemea mlango wa stoo. "Hasidi mwenyewe nilimwona jana, mama. Alikaa kiti hicho hicho, anakula viazi karai, ananiambia hapa hata jini hapiti."

Bi Swabra alimtazama Junaid, akakitazama chetezo. Akaongeza ubani.

"Sogea hapa, mwanangu. Kumbe nilifukiza siko."