Nusu ya Paji la Uso

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea, na mafundi wa kuchomelea wana jibu moja kwa chochote kinachouma juu ya mabega: mwanga. Jicho likiwasha, mwanga. Kichwa kikigonga, mwanga. Nadhani hata meno yakiwatoka watasema ni mwanga.

Kwa hiyo alipoanza kulalamika kwamba upande wa kulia wa paji la uso unamuunguza, karakana nzima ilishajua tatizo ni nini. Usoni hapakuwa na alama yoyote. Ila nilipotaka kumchana, maana mimi ni msusi na siwezi kuona kichwa kimevurugika nikanyamaza, aliruka kana kwamba nimemwekea pasi. Kitana tu! Nikamwambia aache kudeka. Akasema nywele zenyewe zinauma. Nimeshika vichwa vya watu tangu usichana wangu na sijapata kusikia jambo hilo.

Mshirika wake, ambaye wote tunamwita Cheche, alikagua kinyago wanachovaa wakati wa kuchomelea, akakuta kioo kina ufa. Basi, kesi imekwisha. Jioni akaja nyumbani na dawa yao ya siku zote: vipande vya kiazi kibichi juu ya macho, na amri ya kulala chali chumba kikiwa giza. Mume wangu akalala na viazi vyake usoni, na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Asubuhi sikucheka. Malengelenge madogo madogo yalikuwa yamejaa kwenye paji la uso, yakashuka hadi kwenye nyusi, na kope ya kulia imevimba. Kushoto hakuna kitu. Nilimvuta dirishani nimtazame vizuri, na kilichonichanganya hasa ni mahali yalipokomea. Katikati kabisa, mstari umenyooka kuliko njia ninazowachora wateja wangu kichwani. Nikamuuliza Cheche ni mwanga gani unaounguza nusu ya mtu. Akafikiri, akasema labda alikuwa ameinamisha kichwa. Nikajaribu kumwinamisha mume wangu akilini mwangu, huku na huku, na bado haikuniingia.

Mama mkwe alisema kwenye simu kwamba ni mdudu, amempitia usingizini, tupake dawa ya meno. Nikapaka. Mume wangu alitoa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo. Nikaiosha nikilia, sijui namwonea huruma yeye au najionea aibu mimi. Kila mtu alikuwa na jibu, na hakuna jibu lililofanana na uso ule.

Kesho yake likatokea lengelenge moja kwenye ncha ya pua. Hilo nililidharau, lilikuwa dogo. Kilichonitisha ni jicho, lilikuwa jekundu na linatiririka machozi. Akasema haendi popote, ana mageti ya shule ya kumalizia, na anaona vizuri. Nikamwambia nitapandisha sauti mtaa mzima usikie. Akavaa viatu.

Daktari alikuwa mdogo kuliko binti yetu. Watu wote walikuwa wanatazama jicho. Yeye aliinama akaitazama pua, akaitazama tena, na uso wake ukabadilika.

"Huu ni mkanda wa jeshi," akasema.

Nikamwambia haiwezekani. Mkanda wa jeshi naujua tangu utotoni, unashika mbavuni au kiunoni, unazunguka, ncha zikikutana mtu amekwisha. Sasa umefikaje kichwani? Hakunicheka, nampa sifa yake. Aliuliza kama mume wangu aliwahi kuugua tetekuwanga. Nikampigia mama mkwe, naye akasema aliugua vibaya akiwa mtoto, akawaambukiza ndugu zake wote. Basi ni wadudu walewale wa tetekuwanga, daktari akaeleza. Ngozi ilipona, wao hawakuondoka. Walijificha kwenye mishipa ya fahamu miaka yote hii, na mwili ulipolegea wakaamka. Wanafuata mshipa mmoja, na mshipa huo unahudumia upande mmoja tu, ndiyo maana upele unakomea katikati. Hayo ya ncha kukutana na mtu kufa ni maneno ya mtaani.

Nikaanza kupumua. Hapo ndipo alipogusa pua yake mwenyewe kwa kidole.

"Ila mama, mimi linaloniogopesha ni hili la puani. Mshipa unaofika hapa ndio unaoingia kwenye jicho. Tukichelewa, anaweza asione tena upande huu."

Alimpima pia virusi vya UKIMWI, kwa kuwa ugonjwa huu hupenda mwili ulioishiwa kinga. Hana. Nikashukuru, kisha nikachanganyikiwa zaidi: kama hana, basi ni nini kilichouamsha? Daktari akasema huenda ni umri tu, mzee ameshavuka hamsini. Mume wangu akasema yeye si mzee.

Tukatoka na vidonge vya kumeza mara tano kwa siku, tukaenda moja kwa moja kwa daktari wa macho kupewa matone. Tukaonywa pia taulo lake liwe lake peke yake, na akae mbali na wajawazito na watoto wachanga mpaka malengelenge yakauke. Yalikauka, yakawa magaga, yakabanduka. Maumivu hayakubanduka. Upepo wa dirishani ulimuuma, mto ulimuuma, na kinyago kipya alichonunua Cheche kilimshinda, mkanda wake ukigusa paji la uso anakitupa. Daktari alisema mshipa umejeruhiwa, huenda ikachukua miezi. Sikuelewa kitu kilichopona kinaumaje. Bado sielewi vizuri.

Lakini roho yangu ilikuwa juu kwa ajili ya jicho. Nikimuuliza anasema anaona. Kisha namkuta amesimama dirishani, amefumba la kushoto, anatazama nje muda mrefu.

Siku ya kupimwa, daktari wa macho alimziba mume wangu jicho la kulia, naye akasoma herufi za ukutani zote. Akazibwa la kushoto, akazisoma tena, haraka haraka, kama mtoto aliyekariri. Nilijua amezikariri alipozisoma kwa jicho zima. Hata daktari alijua. Akamwambia aachane na ukuta, atazame mlangoni.

"Mama pale anafanya nini?"

Nilikuwa nimesimama mwisho wa chumba, nimebandika tabasamu tangu tulipoingia, ili asione nilivyoogopa. Sikusogea. Mume wangu akanyoosha shingo, paji la uso lenye makovu likajikunja, na nikajua linamuuma kulikunja hivyo. Akakodoa, akapepesa, akakodoa tena.

"Anajifanya anacheka," akasema.

Hapo hata kujifanya kukanishinda.