Taa ya Barazani

"Gualter! Zima hayo mataa, uwanja mtupu!"

Deolinda, mfagiaji wa barabara ya bandarini, alisimama nje ya wavu wa uwanja wa mpira akiwa na ndege aliyekufa mkononi. Gari lilikuwa limemkanyaga ndege huyo. Kila Oktoba ni yale yale: makinda wa kagaro, ndege wa baharini, hutoka kwenye mashimo ya miamba kuruka kwa mara ya kwanza, wanaelekea baharini, na mji wetu unavyowaka kama nyumba ya harusi, taa zinawapumbaza na wanaanguka barabarani. Wenye utu huwaokota, huwatia kwenye maboksi, asubuhi huwarusha ufukweni. Halmashauri nayo iliahidi taa za kumulika chini tu. Wakapigwa picha, ikaishia hapo.

"Vijana watakuja kucheza, dada," alijibu Gualter, mlinzi wa uwanja.

"Vijana gani? Tangu juzi unaniambia vijana!"

"Basi waambie ndege wako wavae miwani ya jua."

Lo! Deolinda aliutikisa wavu mpaka mbwa wakabweka. "Sitoki! Nitalala hapa hapa!"

Gualter alimjua, angelala kweli. Akazima huku akisonya.

Deolinda alipita barabara nzima na boksi lake asiokote hata kinda mmoja. Kwa mara ya kwanza wiki ile akacheka peke yake. Alipofika kwake, alimkuta Gualter mlangoni, koti amelikunja kifuani, na ndani ya koti kitu kinakwaruza.

"Nilikuwa napita kwenda nyumbani," alisema. "Nimemwokota hapa. Chini ya taa yako."

Akina mama wa mtaa ule hawazimi taa ya barazani mpaka wa nyumbani wote wawe wameingia. Na Nélio, mwana wa pekee wa Deolinda, alikwenda Toronto akiwa kijana. Siku hizi hata simu hapigi.

"Usiniangalie hivyo," Deolinda alifoka. "Yangu ni taa ndogo."

"Sijasema kitu, dada."

"Na akirudi je?"

Gualter hakutania. Alimtia ndege kwenye boksi, akaenda zake.

Deolinda alilia kwa hasira, akiwalaani halmashauri, Toronto, na hao ndege wenyewe. Kisha akaizima taa ya barazani. Akavuta kiti mpaka mlangoni, akakaa gizani, boksi mapajani, akiitazama barabara.