Nguo ya Sponji ya Mama Uwera

"Kitendawili!" aliita Mama Uwera, kisu mkononi, mbele ya beseni la viazi.

"Tega!" wakaitika wanawake waliokuwa wakimenya naye uani kwa jirani, siku ya akika.

"Nina nguo niliyozaliwa nayo. Haina kifungo wala mshono. Mimi nimepungua, yenyewe imekataa kupungua."

"Jina lako!" akasema mmoja.

"Jina na mshono wapi na wapi? Mmeshindwa. Nipeni mji."

"Chukua Bujumbura."

"Nimekwenda Bujumbura, nikala, nikashiba, nikarudi. Jibu ni ngozi." Akainua mkono akautikisa, na ile ngozi iliyoning'inia kutoka kwapani hadi kiwikoni ikacheza kama pazia la mlangoni.

Wanawake wakacheka, na yeye akacheka kuwashinda. Lakini kicheko chao kilikatika upesi. Mmoja akainamia kiazi chake, mwingine akajikohoza bure, na Mama Uwera akaelewa kwamba hata hapa Nyakabanda, walipomzoea, wapo waliokuwa bado wanajiuliza.

Nani asiyemkumbuka alivyokuwa? Jina lake la kuzaliwa ni Mukandayisenga, lakini kwa miaka mingi watu walimwita Mama Tani, na yeye akaitika kwa furaha. Alikuwa mpishi wa shughuli. Sufuria la pilau la kulisha watu mia mbili alilizungusha kwa mwiko mmoja bila kupumzika, na akina mama waliona mwili ule wakajua kwamba chakula chake hakina unyimivu. Mumewe, fundi wa mabati, alipoanguka kutoka juu ya paa akafa, ni mwili ule uliowabeba yeye na binti yake Uwera.

Kisha mguu wa kulia ukaanza kufa ganzi, kiu ikawa haishi, na daktari akamwambia kwa upole kwamba ni sukari. Asipopungua, mguu utakatwa. Mama Uwera hakubishana. Aliacha wali aliokuwa akiwapikia wengine, akaacha chai tamu, na kila alfajiri akapanda kilima kwa miguu, akashuka, akapanda tena. Mwaka ukaisha, na nusu ya mwaka mwingine. Mguu ukapona. Nyama ikaenda zake. Ngozi ikabaki.

Na ngozi iliyobaki ina kazi zake ambazo mtu hasimulii. Tumbo lilimkunjamana hadi mapajani, na baada ya kuoga ilibidi alinyanyue kwa mkono mmoja, alifute kwa mkono wa pili, aipake poda sehemu ya chini isichubuke. Akilala ubavu, ngozi ile ililala kando yake kama mtoto wa mtu mwingine aliyeachiwa amlinde. Alijipaka samli. Alijifunga mkaja, akausokota kiunoni kama mzazi wa jana, yeye mwanamke wa miaka arobaini na tisa. Alipoufungua, kila kitu kilirudi mahali pake palepale.

Haya yote aliyaweza. Alilokuwa haliwezi lilikuwa jicho la watu. Mwaka ule wa tisini na mbili, Kigali, mtu mzima akikonda ghafla palikuwa na neno moja tu, na hakuna aliyelisema kwa sauti. Watu walisema "kale kadudu," yaani ule ugonjwa mpya usio na dawa, wakatazama pembeni.

Basi ndipo ikaja habari ya Uwera. Kijana aitwaye Munyaneza, fundi wa redio wa Remera, alimpenda, na wazee wake wakaleta neno. Lililobaki lilikuwa moja: mama wa kijana, Gahongayire, aje na mawifi zake wawili wamwone binti na wamwone mama. Hivyo ndivyo wanawake wanavyofanya. Wazee wa kiume huzungumza mahari, lakini nyumba hukaguliwa na wanawake, na mwanamke anayekagua humtazama mama kwanza, apate kuona binti atakuwaje akizeeka.

"Anakukumbuka," Uwera alimwambia mama yake kwa furaha. "Alikula pilau lako kwenye harusi moja ya Remera, zamani. Munyaneza anasema mama yake husema hajawahi kuona mwanamke aliyejaa baraka kama wewe."

Mama Uwera alitabasamu. Usiku ule hakupata usingizi, na asubuhi alikwenda kwa kaka yake.

Usumani alikuwa na cherehani yake barazani, karibu na msikiti. Alimsikiliza dada yake mpaka mwisho, tepu ikiwa shingoni, halafu akavua miwani.

"Dada, mimi iko fundi wa nguo. Magodoro iko kule chini, kwa yule Mkongomani."

"Usinichekeshe, kaka. Nataka nguo ya ndani, ya mikono mirefu, yenye sponji. Hapa, hapa na hapa. Juu nitavaa kitenge."

"Na joto hili?"

"Joto nitalivumilia. Siku moja tu, kaka. Wakishamchukua mwanangu nitavaa hata gunia."

"Waambie ni sukari. Sukari si dhambi."

"Niwaambie? Kila anayeumwa hiyo nyingine husema ni sukari, ama ni tumbo, ama kalogwa. Wewe ungeamini?"

Usumani alivaa tena miwani. Alifungua daftari lake kuukuu la vipimo, akatafuta ukurasa wenye jina la dada yake, wa miaka mitatu nyuma. Alivitazama vile vipimo kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama picha ya marehemu. Halafu akachukua mkasi.

Jumamosi ile, siku ya wageni, baada ya sala ya adhuhuri, Uwera alimsaidia mama yake kuvaa. Hakuwahi kumwona hivi. Alishika mkaja, akazunguka, akakunja ngozi ya tumbo ndani ya kitambaa taratibu, akiogopa kumuumiza.

"Inauma, Mama?"

"Haiumi. Kaza."

"Mama, tumwambie tu mama yake Munyaneza. Ni mama mzuri, ataelewa."

"Kaza, mwanangu."

Uwera akakaza. Machozi yalikuwa yakimtoka, lakini alikuwa nyuma ya mgongo wa mama yake na hakuna aliyeyaona. Sponji ilipoingia, na kitenge juu yake, na mtandio, Mama Tani alisimama tena mbele ya kioo. Uso tu ndio uliokuwa wa mtu mwingine, mwembamba, juu ya mwili ule.

Wageni walitarajiwa saa saba, wale, wazungumze, waondoke kabla ya alasiri. Walifika saa nane na nusu. Njiani askari walisimamisha basi, wakawashusha watu wote, wakataka vitambulisho, kama ilivyokuwa kila siku tangu vita vianze kule kaskazini.

Gahongayire alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti nzito na kicheko cha karibu. Alimkumbatia Mama Uwera kwa salamu ya kwetu yenyewe, shavu kwa shavu, halafu viganja vikashuka mabegani, mikononi, mpaka vidoleni. Viganja vile vilipofika juu ya kiwiko vilisita kidogo. Vikabonyeza. Kisha vikaendelea na safari.

"Hujambo, dada," alisema Gahongayire. "Nimefurahi kukuona tena."

Wakakaa mkekani. Wakala. Uwera akapita na maji ya kunawa, akainama vizuri, akajibu maswali, na akina shangazi wakakonyezana kwa kuridhika. Mama Uwera alitega vitendawili viwili vitatu, wageni wakacheka hasa. Jasho lilimtiririka mgongoni, sponji ikalinywa, nguo ikawa nzito kama ya mtu aliyevuka mto. Alikwenda chooni kujisaidia, akajipepea kidogo hukohuko. Alipotoka alipishana na Gahongayire mlangoni, wakatabasamiana.

Na hapo mwadhini akaadhini.

Usumani, fundi mzima wa Nyakabanda, anayewashonea kanzu nusu ya msikiti, hakufikiria udhu. Wala yeye mwenyewe Mama Uwera, aliyetawadha mara tano kila siku ya maisha yake, hakuufikiria. Wote wawili walikuwa wamehesabu kwamba wageni watakuwa wameshakwenda.

Wanawake walitoka uani, wakapandisha mikono ya nguo. Gahongayire alishika birika.

"Njoo nikumiminie, dada."

"Asante. Mimi ninao udhu wangu, tangu adhuhuri."

Gahongayire alimtazama. "Si umetoka chooni sasa hivi? Tumepishana mlangoni."

Mama Uwera alisikia uso ukimuwaka. Akachuchumaa, akafungua kifungo cha mkono wa nguo, akaanza kuupandisha. Ukafika katikati ya kigasha, ukagoma. Akavuta. Uzi wa Usumani ukakatika, na sponji ya manjano, iliyolowa jasho, ikachomoza mshononi.

Shangazi mmoja aligeuka akautazama ukuta. Maji yaliendelea kutoka kwenye birika mkononi mwa Gahongayire, yakamwagika chini bure, mpaka alipokumbuka kuliinua.

"Twende ndani, dada," alisema Gahongayire. "Sisi wawili."

Chumbani Mama Uwera alivua vyote. Kitenge, sponji, mkaja. Akasimama mbele ya mwanamke aliyekutana naye mara ya pili tu maishani, ngozi imemshuka, na akatoa kadi ya zahanati kutoka chini ya godoro.

"Ni sukari. Wallahi ni sukari. Soma."

Gahongayire alishika kadi, hakuisoma. Alikaa kitandani.

"Nilikuwa na mdogo wangu," alisema. "Alipoanza kuumwa, watu wa nyumbani kwake walimvika masweta mawili, matatu, kila tulipokwenda kumwona. Wakasema ni baridi. Nilikuja kuuona mwili wake siku ya kumwosha. Mimi ndiye niliyemwosha." Akaigeuza kadi mkononi. "Nilipokushika tulipoamkiana nilijua. Nikasema moyoni, labda mkono wangu umekosea. Ukaniambia una udhu."

"Niliona aibu, dada."

"Ungenifungulia mlango ukiwa hivi ulivyo, ningekuuliza, ungenijibu, yakaisha. Kweli nakwambia. Sasa umenidanganya kwa nguo na umenidanganya kwa sala, na hii kadi unataka niiamini. Niishike kwa mkono upi?"

Akamfunika mabega kwa kitenge, kwa upole, kama anavyofunikwa mgonjwa. Upole ule ndio uliomkata Mama Uwera.

Wiki mbili baadaye mjumbe alileta neno kutoka Remera: familia inaomba muda. Uwera aliosha vyombo, akafua, akapika, hakumlaumu mama yake hata mara moja. Munyaneza alikuja siku moja akasimama naye barabarani, wakazungumza kwa muda mrefu, na Uwera aliporudi alisema tu kwamba wajomba zake Munyaneza ndio wenye kauli.

Mama Uwera alijiambia atakwenda Remera. Atakwenda Jumatatu. Halafu akajiambia baada ya mwezi wa Ramadhani, watu wakiwa na mioyo laini. Kila siku aliyopanga kwenda alijitazama, akaona bado. Hadi wiki ya pili baada ya Idi ndipo alipovaa blauzi ya mikono mifupi, akaacha mtandio mdogo tu kichwani, akatoka. Alikwenda kwa miguu njia nzima. Vizuizini askari walimtazama mikono yake, kituo cha basi cha Remera watu wakamtazama mikono yake, na yeye hakuificha.

Gahongayire alimfungulia mwenyewe. Alimtazama kuanzia juu hadi chini, jua lote likiwa juu yake, na kitu fulani kikalegea usoni mwake. Akaingia jikoni, akarudi na chai.

Mama Uwera akaonja. Haikuwa na sukari.

"Nimeikumbuka sukari yako," alisema Gahongayire. "Nilimuuliza nesi mmoja hapa jirani, siku nyingi zimepita. Akaniambia kweli, mtu aliyekuwa mnene sana akipungua, ngozi hubaki hivyo. Yule mdogo wangu hakuwa na ngozi ya ziada, alikuwa mfupa. Ningepaswa kujua tofauti, mimi niliyemwosha."

"Basi unaniamini."

"Nakuamini, dada."

Mama Uwera aliweka kikombe chini.

"Wajomba wamemposea Munyaneza msichana wa Rwamagana," alisema Gahongayire. "Kabla ya Ramadhani. Mahari imeshapokelewa. Mimi nilikaa nikisubiri neno kutoka kwako. Nikasema, kama ni kweli, atakuja. Ulipokaa kimya nikasema, basi ndivyo ilivyo. Wakaniuliza nina la kusema, nikasema sina."

Wakakaa wanawake wawili, chai ikapoa. Nje redio ilikuwa ikitengenezwa na mtu, ikikoroma, ikishika stesheni na kuipoteza.

Alipofika Nyakabanda, Uwera alikuwa barazani na ungo, anachagua mchele wa shughuli ya kesho.

"Umetoka wapi, Mama? Umechoka hivyo."

Angeweza kusema ametoka kutembea.

"Nimetoka Remera," alisema. "Nimezungumza na mama yake. Ameniamini. Alikuwa ananingoja mimi, mwanangu. Na Munyaneza wameshamposea kwingine."

Vidole vya Uwera viliendelea kutembea juu ya mchele, vikatoa jiwe, vikatoa jingine.

"Alikungoja muda gani?"

"Tangu siku ile."

"Ungekwenda kesho yake tu, Mama," alisema Uwera. Hakuinua sauti. Akaweka ungo chini taratibu, mchele usimwagike, akaingia ndani, akashusha pazia la chumba chake.

Mama Uwera alikaa pale alipotoka binti yake, bado pana joto. Kutoka ndani hakukuwa na sauti ya kilio, na ni hilo alilolitegea sikio hadi jua likazama. Baada ya muda aliuvuta ungo mapajani, akaanza kuchagua.