Zamu ya Bi Kidawa Mferejini

Mwaka wa hamsini na nne, mfereji wa mtaa kule Ng'ambo, bomba moja la watu wote, ulikuwa ukifunguliwa alfajiri, ukifungwa jua likianza kuchoma, kisha ukifunguliwa tena saa kumi. Ofisi ya maji ilisema mashine ya kuvuta maji inakula mafuta mengi, na mafuta lazima yabanwe. Waliolipia mfereji ndani ya nyumba, kule mjini, hawakuwekewa saa.

Wanawake hawakusimama juani. Kila mtu aliweka debe lake kwenye mstari akarudi kupika, na debe likachukuliwa kuwa ndiye mwenyewe. La Bi Kidawa, muuza vitumbua, lilifungwa kitambaa chekundu kwenye mshikio. Asubuhi moja mfereji ulifungwa debe la mbele yake likiwa nusu. Bi Kidawa akarudi kwake, akajilaza ubavu, akafa.

Bi Wanu, mwosha maiti wa mtaa, alikuja na pamba, karafuu maiti na majani ya mkunazi yaliyokwisha kutwangwa. Kitanda cha kuoshea kikawekwa uani. Kilichokosekana ni maji. Ndani ya mtungi mlibaki kidogo, na hayo yenyewe yana tope. Majirani walileta walichokuwa nacho, huyu kikombe, yule birika, maana hata jana yake mashine ilipumzishwa. Visima vilishafukiwa na bwana afya tangu mfereji ulipoletwa. Na maziko yalikwisha tangazwa kuwa ni kabla ya magharibi.

"Tutamtayamamisha kwa vumbi," alisema Bi Wanu.

Bi Kidawa akainuka kitako. Pamba alishatiwa puani, kwa hivyo alisema kwa sauti ya mtu mwenye mafua.

"Vumbi ni la pasipo maji. Mimi debe langu liko mstarini."

Akajifunga kanga vizuri, akatoka. Bintiye, Mize, akamfuata na kata ya kuchotea maji mkononi.

Pale mferejini alikuwepo Usi, mshika ufunguo.

"Shikamoo, Bi Kidawa. Poleni na msiba."

"Marahaba, mwanangu. Tushapoa."

Kazija, ambaye debe lake lilifuata, alikuwa keshafika tangu aliposikia habari.

"Usi, zamu ya marehemu anairithi nani?"

"Hairithiwi. Mwenyewe huyo hapo."

"Lakini nimeambiwa kafa."

"Nimekufa, Kazija," alisema Bi Kidawa. "Sikuhama."

Wanawake wakacheka, na Kazija naye akacheka. Mzee mmoja akamletea marehemu kibao akae.

"Ila kila mtu debe moja, Bi," alisema Usi.

"Moja halinitoshi. Naoshwa mara tatu."

"Amri haikusema hai wala maiti. Imesema mtu."

Bi Kidawa alikuwa ameinama, sikio kalibandika kwenye chuma cha mfereji, kama mtu anayesikiliza mtoto tumboni. Alipoinua uso, wenzake waliomjua miaka yote hawakupata kumwona na uso ule.

"Maji yamo humu," alisema. "Yanapita chini yetu. Nnayasikia yanakwenda mjini, yanatoka bustanini kwa mtu. Kaacha mpira wa maji juu ya nyasi, kenda kulala."

"Saa hizi?" aliuliza Mize.

"Saa hizi."

"Na mashine si imepumzishwa?"

"Inakwenda, mwanangu. Nnaisikia nayo."

Mpaka hapo hakuna aliyekuwa ameshtuka. Sasa kata ilimponyoka Mize. Mwanamke mmoja akakaa chini palepale kwenye vumbi, miguu kainyoosha mbele kama kafiwa yeye. Usi alitazama ufunguo mkononi mwake, akaugeuza, akautazama upande wa pili.

Saa kumi maji yakatoka, membamba kama uzi. Debe la mbele likamaliziwa, la Bi Kidawa likajaa. Kazija alipojaza lake, yeye ndiye wa kwanza kuchota kata moja akammiminia marehemu ndani ya ndoo ya kuazima. Wa nyuma yake akafanya hivyo hivyo, na wa nyuma yake, mpaka mwisho wa mstari. Bi Kidawa akawashukuru, akarudi nyumbani nyuma ya maji yake, akapanda kitandani mwenyewe. Bi Wanu akamwosha mara tatu, ya mwisho kwa karafuu maiti. Akazikwa kabla ya magharibi.

Kesho yake Usi alifunga mfereji mapema. Kila debe lilipungua kidogo.

"Usi," alisema Kazija, "langu bado kata moja."

Usi alijibu huku akitazama chini.

"Ofisi imepata habari. Wamesema ikiwa jana kila mmoja wenu aliweza kutoa kata moja, basi hiyo ilikuwa ya ziada. Imekatwa."

"Na debe la Bi Kidawa?"

"Nalo limekatwa. Si kafa?"

Kazija alisimama kama mtu aliyezabwa kibao na asiyemjua.

Hapo akaja Mzee Msabah, anayeumwa kifua, anajikongoja na debe lake tupu. Kwenye mshikio alikuwa kafunga kipande cha bafta nyeupe, ile ya sanda. Akaliweka mstarini, akalinyoosha sawasawa na mengine.

"Mzee Msabah, wewe hujafa," alisema Usi.

"Nnajua. Lakini mstari mrefu."

Kazija akalisogeza lake kidogo, akampisha.