Glopu ya Chumbani kwa Mzazi

Siku ile nilitoka nyumbani nikiwa tayari kumzaba mtu kibao, na mtu mwenyewe alikuwa Marcel wa duka la vifaa vya umeme. Nasema mapema, asije mtu akadhani nilimwendea kwa upole.

Mwanangu Ritha alikuwa ametoka kwa mumewe kule Songwa kuja kujifungulia kwangu hapa Kalangalala, kwa sababu uzazi wa kwanza binti hurudi kwa mama yake. Mjukuu wangu Adam alikuwa na siku kumi na mbili. Chumba nilikuwa nimewafungia vizuri: dirisha nimeliziba kwa blanketi, na kila asubuhi naingiza jiko la mkaa lililokwisha kukolea, mzazi asipigwe na baridi. Kwa kuwa mle ndani palikuwa giza mchana kutwa, nilinunua kwa Marcel glopu ya enejiseva, ile iliyosokotwa kama utumbo wa mbuzi. Aliniapia kwamba haili umeme na itakaa miaka saba.

Ilikaa siku kumi na mbili. Saa nne asubuhi ikapasuka juu ya kitanda walipolala mtoto na mama yake. Chandarua ndicho kilichowaokoa. Vioo vilibaki juu ya wavu pamoja na unga mweupe. Ritha akamkumbatia mtoto, akaokota boksi la glopu pale dirishani, akasoma maandishi madogo kama mayai ya chawa.

"Mama, hii kitu ina zebaki. Wanasema ikivunjika watu watoke, dirisha lifunguliwe, na wala isifagiliwe na ufagio."

"Wanasema kwa lugha gani?"

"Kiingereza."

Hapo ndipo damu ilipoanza kunichemka. Mnanitilia sumu juu ya kichwa cha mjukuu wangu, halafu onyo mnaliandika kwa lugha ambayo mnajua siisomi? Niling'oa blanketi, nikafungua dirisha, baridi na iingie ikitaka. Ritha na mtoto nikawapeleka kwa jirani yangu Serafina. Nikarudi kuokota vioo kwa kipande cha boksi, nikapangusa unga kwa kitambaa kibichi, vyote nikavifungia kwenye kopo la mafuta ya kujipaka. Vipande viliniponyoka mara mbili. Mikono yangu ina mwaka wa tatu sasa inatetemeka. Mimi ni fundi cherehani, na uzi natungiwa na wateja. Nilikuwa nasema ni uzee, ingawa hamsini sijaifikia.

Nikaenda dukani, nikamwekea Marcel kopo lile juu ya kaunta, mbele ya wateja.

"Shikamoo, Mama Ritha," akasema.

"Marahaba. Hii ni zebaki. Umeniuzia zebaki nikaitundike juu ya kitoto kichanga, na hukufungua mdomo."

Akalitazama kopo, akanitazama mimi, kisha akacheka. Si cheko la dharau, ni lile la mtu aliyeshindwa kujizuia, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

"Mama Ritha, wewe wa kuogopa zebaki? Mke wa Bujiku?" Wateja nao wakaanza kucheka. "Nyani haoni kundule, mama yangu. Zebaki ya mzee si mnalala nayo chumbani?"

Nilimwambia maneno ambayo sitayarudia. Nilimwambia pia kwamba ya mume wangu ni kitu cha kazi, imo kwenye chupa, imefungwa kifuniko, nimeiviringisha mwenyewe kwenye kanga na kuiweka sandukuni, na haijapata kumpasukia mtu kichwani. Mume wangu huosha marudio, yaani mchanga ambao wengine wameshautoa dhahabu yao. Zebaki ndiyo inayomkamatishia chembe zilizobaki. Nusu ya mtaa wetu inaishi hivyo. Kuna cha kuchekesha hapo?

Nikaondoka na kopo langu, nikawapitia Ritha na mtoto, tukaenda zahanati. Nesi Mariana ni binti mdogo lakini ana macho ya mama mkwe. Alimvua mtoto nguo zote, akamkagua kope hadi kisigino, akamsikiliza kifua.

"Ameokoka. Mlifanya vizuri kufungua dirisha na kutoka. Iliyomo kwenye glopu ni kidogo sana, hata kichwa cha pini hakijai. Ila si ya kuchezea."

"Umesikia?" nikamwambia Ritha. "Iwe kidogo, iwe nyingi, Marcel alipaswa kusema."

"Ni kweli, alipaswa," Mariana akasema. "Na nyumbani, kuna mtu anayechoma dhahabu?"

Nilifungua mdomo nijibu kwamba hayo hayahusiani na glopu. Ritha akaniwahi.

"Baba anachoma. Jikoni, alfajiri, kwenye kijiko."

"Anachomea kwenye jiko gani?"

Ritha akamtazama mtoto. Nilimwona akilielewa jambo lile kabla sijalielewa mimi.

"Tunalo moja tu," akasema. "Hilo hilo mama analotuletea chumbani."

Mariana hakupandisha sauti. Alisema zebaki ikichomwa inapaa moshi usioonekana, inashika ukutani, kwenye nguo, kwenye majivu, na kinachobaki jikoni hupaa tena kila mkaa unapokolea. Alisema jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa linaua hata bila zebaki. Alisema mtoto apimwe hospitali kubwa. Kisha akaniambia, "Mama, hebu nyoosha mikono."

Nikainyoosha. Tukaitazama wote watatu ikitetemeka.

"Tangu lini?"

Niliificha mikono ndani ya kanga. Nilikuwa nimekasirika mno, na kwa mara ya kwanza siku ile sikujua nimkasirikie nani.

Tulipofika nyumbani Bujiku alikuwa uani, amechuchumaa mbele ya jiko, kijiko mkononi, na kwenye kijiko kile donge lake la kijivu, zebaki iliyoshikana na dhahabu. Siku ile alichelewa, alikuwa hajaanza kuchoma. Nikamwambia asichome. Nikamweleza yote, ya glopu, ya nesi, ya jiko. Akasikiliza huku akipuliza mkaa.

"Mama Ritha, nimechoma miaka ishirini. Nimekufa?"

Sikubishana naye. Niliingia ndani nikatoka na sindano na uzi mweusi.

"Tunga."

"Mimi fundi?"

"Tunga, Baba Ritha. Ukitunga, choma hadi kesho, sitakuuliza."

Akacheka, akaweka kijiko chini, akalamba ncha ya uzi. Uzi ukapita kushoto kwa tundu. Akakaza viwiko magotini, akajaribu tena, ukapita kulia. Mara ya tatu hata sindano ilikuwa haitulii. Alikuwa ameacha kucheka. Ritha alisimama mlangoni na mtoto kifuani akimtazama baba yake, na uso wake ulikuwa wa mtu anayehesabu miaka aliyolelewa katika nyumba ile.

"Nahamia kwa Serafina," akasema. "Jiko hilo likiwa hapa, baba, Adam hatalala hapa."

Bujiku akaliangalia jiko. Sindano ilikuwa bado vidoleni mwake.

Nilimlaani Marcel siku nzima, na bado namlaani, na boksi lake la Kiingereza. Lakini Marcel aliniuzia glopu moja tu. Jiko lile hakuliingiza yeye chumbani kwa mwanangu. Nililiingiza mimi, kila asubuhi kwa siku kumi na mbili, kwa mikono hii, na kila nilipolitua nilifunga mlango vizuri ili joto lisitoke.