Usukani wa Twiga

Msusi alianza kumshuku mumewe pale simu ya mume ilipoanza kulala kifudifudi mezani. Zamani ililala popote, hata ndani ya kapu la vitunguu. Sasa mume huyo, Fundi, alichelewa kurudi karibu kila jioni, na akiulizwa, jibu lilikuwa lile lile: "Karakana imejaa kazi." Siku moja Msusi alitoka saluni akapitia karakanani, akakuta kufuli. Akarudi nyumbani, akapika kama kawaida.

Mumewe alikuwa fundi wa baiskeli. Yeye mwenyewe alikuwa msusi wiki nzima na mwendesha baiskeli Jumapili, tena si wa barabarani. Zake zilikuwa mbio za matopeni: unazunguka kiwanja chenye kona za kuvunja kiuno, unafika kwenye mbao zilizosimamishwa kukuzuia, unashuka, unaibeba baiskeli begani, unaruka, unapanda tena. Siku mama mkwe alipomwona mkazamwana wake kavaa kaptula ya kubana, tope hadi puani, alikata mguu kuja kwao. Hawakusemezana tena.

Siku ya mashindano mvua ilikuwa imelowesha kila kitu. Pembeni ya Msusi mstarini alisimama mwanamke mrefu, mgeni wa mbio hizo, ambaye wenzake walimwita Twiga. Fundi alikuwa kwenye kibanda cha matengenezo na ndoo yake ya maji. Twiga akampungia mkono.

"Fundi wangu, leo usinitupe."

Fundi wangu! Msusi akautupia jicho usukani wa yule mwanamke. Utepe ulikuwa umezungushwa kwa kubanwa na kufungwa mwishoni kwa uzi mwekundu. Alimjua mtu mmoja tu anayefunga vile, na alikuwa akilala naye kitanda kimoja.

Filimbi ikalia. Wengine walifukuzia ushindi. Msusi alifukuzia mgongo wa Twiga. Kila alipopita kibandani alitazama macho ya mumewe yanaelekea wapi, na kwa ajili hiyo akaikosa kona, akaanguka ubavu, akala tope. Akatema, akapanda.

Mzunguko wa mwisho mnyororo wa Twiga ulichomoka. Akaibeba baiskeli mbio hadi kibandani. Msusi alipopita, mumewe alikuwa amepiga magoti kwenye matope mbele ya mwanamke yule, vidole mnyororoni. Akainua uso.

"Kaza, mke wangu," akasema, kwa sauti ya kila siku kabisa.

Sauti hiyo ilimchoma Msusi kuliko kama mumewe angeona haya. Akakaza kwa hasira. Kwenye mbao za mwisho alisikia mtu akihema nyuma yake, hakugeuka. Akamaliza wa nne. Twiga akawa wa tano, akaja moja kwa moja kumkumbatia.

"Umeniponza. Nitamwambia nini mama? Aliniagiza nikushinde."

"Mama gani?"

"Mama mkwe wako. Si amelazwa wodini kwangu?" Twiga akamwona Fundi akija na ndoo, akajua neno limemponyoka. Akaaga haraka haraka.

Fundi akaiweka ndoo chini. "Ni figo," akasema. "Wiki ya tatu sasa. Alinikataza nisikwambie. Twiga ni muuguzi wa zamu ya jioni, ananiachia nikae na mama hata muda wa kuona wagonjwa ukiisha. Sikuwa na shukrani nyingine ila kumtengenezea baiskeli."

"Na simu?"

"Mama hataki uone akinipigia."

Msusi aliuchunguza uso wa mumewe kama anavyotafuta chawa kichwani mwa mteja. Hakuona kitu, ila hakuacha kutafuta.

"Kuna lingine unanificha?"

"Hakuna."

"Tutaona. Nipeleke hospitali."

"Hivyo ulivyo?"

"Hivi nilivyo."

Kitandani mama mkwe alionekana mdogo kuliko Msusi alivyomkumbuka. Alimkagua mkazamwana wake toka nywele hadi kaptula. Msusi akangoja kufukuzwa.

"Umekuwa wa ngapi?"

"Wa nne, mama."

"Na huyo Twiga?"

"Wa tano."

"Kumbe ahadi zake ni maneno matupu tu." Bibi yule akaisogeza miguu yake taratibu, pakabaki nafasi ya kukaa. "Tandika gazeti kwanza. Usinichafulie shuka."