Masega ya Gari la Mzee Bernardo

Mzee Bernardo wa Goweko alikuwa mfugaji nyuki, kwa hiyo fundi mmoja alipomwambia kwamba masega ya gari lake yamekufa, alidhani anataniwa. Fundi akamwinamisha chini ya pikapu, akamwonyesha kopo la chuma kwenye bomba la ekzosi. Humo ndani, alisema, mna kitu chenye matundu kama masega. Ndicho kinachosafisha moshi.

"Hayafai tena, mzee. Nikutolee."

Mzee hakukubali. Mnunuzi mpya wa asali alikuwa ametoa sharti kwamba gari lisilopimwa moshi halibebi mzigo wake, na mpimaji angefika mjini Ijumaa. Jumatano asubuhi mzee akaipeleka pikapu mjini, mtaa wa Mtendeni, kwa fundi Najiat.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Nasikia yamekufa."

"Nani amekufa?"

"Masega!"

Najiat akacheka mpaka akaegemea boneti. "Mgonjwa hajapimwa, mmeshamchimbia kaburi?"

Akawasha injini, akaziba mdomo wa ekzosi kwa tambara nene, akatega sikio. Ssss! Bomba lilikuwa linavuja kwenye kiungo, kabla ya masega. Hewa ikiingia pale, mashine ya mpimaji ingedanganyika. Akapaziba. Plagi moja ilikuwa imekufa, petroli inapita mbichi mpaka kwenye ekzosi. Akabadilisha plagi zote, akamwaga oili chafu, akaweka mpya. Kisha akaliendesha gari hadi likapata moto sawasawa, akapima joto la bomba. Nyuma ya masega palikuwa na moto zaidi kuliko mbele, ishara kwamba bado yanauchoma moshi.

"Yako hai," akamwambia mzee.

Lakini moyoni alikuwa na wasiwasi. Yule fundi wa kwanza alikuwa ameshatangaza mtaani kwamba Najiat anampaka maiti wanja. Yakifeli, nani atamletea gari tena?

Ijumaa walifika kwa mpimaji mapema, injini ikiwa moto. Foleni ilikuwa ndefu, kisha watu wakaenda kuswali. Zamu yao ilipofika, Najiat aligusa bomba, likamjibu kwa ubaridi.

"Washa tupime," akasema mpimaji, kijana mpole aitwaye Zablon.

"Bado, kaka. Masega yakipoa hayasafishi kitu. Niache nikalipashe gari moto."

"Ukitoka hapo unaanza mwisho, dada. Na saa kumi kamili nafunga."

Nyuma yao yalikuwa magari sita. Najiat akamtazama mzee, na mzee akamtazama yeye.

"Fundi ni wewe," akasema Mzee Bernardo, huku akifunga mkanda.

Wakatoka mbio kuelekea Kwihara, nje ya mji. Kwenda kulikuwa kwema. Wakati wa kurudi, kundi la ng'ombe likajaa barabarani, limetulia kama liko zizini. Najiat akapiga honi. Ng'ombe mmoja akamtazama, akaendelea kucheua. Mzee Bernardo akateremka, akavua koti, akawa analipunga huku akiwafokea ng'ombe kwa Kinyamwezi, na mchungaji naye akicheka mbavu hana. Njia ikafunguka.

Walipofika, Zablon alikuwa anakunja nyaya.

"Zimebaki dakika nne!" Mzee Bernardo akapaza sauti dirishani.

Zablon akatazama saa yake, akatabasamu, akakunjua nyaya. Akaingiza mrija kwenye ekzosi. Najiat alikanyaga mafuta taratibu bila kuthubutu kutazama kioo cha mashine.

"Dada," Zablon akaita, "tangu asubuhi sijapata gari safi hivi."

Mzee Bernardo akapiga kigelegele kama mama wa bwana harusi. Najiat akajikuta anacheka na kufuta machozi kwa mkono wenye grisi, uso ukabaki na mistari.

Kabla hajaondoka, mzee alimtaka amweleze upya kila alichofanya, apate kumsimulia mkewe Eustadia. Najiat akaeleza. Mzee akarudia, akaikosea ile habari ya plagi, akarudia tena. Mara ya tatu alisimulia vizuri kabisa, isipokuwa sasa aliyesikia bomba linavuja alikuwa yeye mwenyewe.

Najiat akamwacha aende nayo hivyo hivyo.